Mjadala: Mtoto wa miaka 11 hadi 14 apewe programu na bangili ya usingizi, au vifaa vyote vitoke chumbani?

Mleta mada

Wakuu, nina binti wa miaka 13. Kwa miezi mingi siku za shule alikuwa hapati usingizi mpaka saa 5 usiku, Jumamosi anaamka adhuhuri, na Jumatatu asubuhi ni machozi na kelele. Nikamnyang'anya simu. Haikusaidia: taa imezimwa, simu ninayo mimi, yeye yuko kitandani macho makavu. Ndipo nikaanza kusoma, na msimamo niliofikia najua wengi wenu mtaupinga. Zana za kidijitali zinaweza kumsaidia mtoto wa umri huu kulala kwa ratiba, ila zishike saa ya kuamka. Saa ya kulala ziiache.

Balehe husogeza saa ya mwili. Melatonini, homoni inayouarifu mwili kwamba usiku umeingia, huanza kutoka kwa kuchelewa kuliko utotoni. Mtafiti Mary Carskadon wa Marekani ametumia miaka mingi kulionyesha hilo. Kwa hiyo mtoto anayekwambia "sisikii usingizi" saa 3 usiku mara nyingi anasema kweli, na sisi tunamwita mkaidi.

Kusinzia hakuamrishwi. Kuamka kunapangika, na mwanga wa asubuhi ukimpata mtoto mapema, saa ya mwili nayo husogea mapema. Akilala hadi adhuhuri Jumamosi na Jumapili anaukosa mwanga huo, saa yake inazidi kuchelewa, halafu Jumapili usiku tunamtaka alale mapema. Mwaka 2006 Till Roenneberg wa Ujerumani na wenzake waliifananisha hali hii na uchovu wa kuvuka kanda za saa kwa ndege. Mtoto anasafiri kila Ijumaa na kurudi kila Jumatatu bila kutoka nyumbani.

Kwetu tumeweka taa yenye saa, ambayo huongeza mwanga taratibu kabla ya alamu. Saa ya kuamka ni ile ile, na siku zisizo za shule anaongezewa saa moja tu. Kila asubuhi binti anaandika mwenyewe kwenye programu ya shajara alilala saa ngapi na ameamkaje. Simu inalala sebuleni. Wiki mbili za mwanzo zilikuwa ngumu. Ya tatu, usingizi ulianza kumjia kabla ya saa 4.

Naomba maoni, hasa ya wanaopinga.

Mwalimu wa Hesabu

Ndugu mleta mada, hongera kwa juhudi, lakini mgonjwa umemkosea. Mimi huwaona watoto hawa kipindi cha kwanza: vichwa juu ya madawati. Tatizo ni saa ya shule. Chama cha madaktari wa watoto cha Marekani kilipendekeza mwaka 2014 kwamba shule za vijana wa umri huu zisianze kabla ya saa 2:30 asubuhi. Katika mji wa Seattle, huko huko Marekani, mwaka 2016 sekondari zilihama kutoka saa 1:50 hadi saa 2:45. Watafiti walipowapima wanafunzi, usingizi wa siku za shule ulikuwa umeongezeka kwa dakika 34 hivi. Hawakwenda kulala wakiwa wamechelewa zaidi, kama wapinzani walivyotabiri. Na hakuna aliyehitaji programu ili apate dakika hizo.

Jimbo la California nalo likatunga sheria ya shule kuanza baadaye mwaka 2019. Hizo ndizo hatua za watu wazima. Kumpa mtoto taa na shajara ili aizoee ratiba tuliyoikosea sisi ni kumbebesha mzigo wetu.

Mama Pacha

Mimi nazungumzia bangili, maana nimeungua nayo. Wanangu wana miaka 12. Mmoja alikuwa akiamka mzima, anaangalia alama ambazo bangili imempa kwa usingizi wa usiku, akikuta ziko chini anasema amechoka. Akaanza kuogopa kulala asije akapata alama mbaya. Baadaye nikasoma kwamba mwaka 2017 kuna madaktari waliandika kuhusu watu wazima waliopata hali hii hii ya kuhangaikia takwimu za usingizi mpaka usingizi wenyewe ukakimbia. Kama mtu mzima inamshinda, mtoto je? Tuliivua. Alama zile nazichukia mpaka leo.

Fundi Programu

Nimewahi kufanya kazi na data za vifaa vya mkononi. Bangili inasoma mtikisiko wa mkono na mapigo ya moyo, kisha inakisia. Maabara hupima mawimbi ya ubongo. Mtoto akilala kimya saa nzima huku yuko macho, bangili inaweza kuihesabu saa hiyo kuwa usingizi. Na jiulizeni data hizo zinakwenda wapi. Saa za kulala za mtoto, kila usiku, kwa miaka. Kama programu haiwezi kufanya kazi bila kuzituma nje, isikae kwenye kifaa cha mtoto.

Mleta mada

Mama Pacha, pole sana, na nakubaliana nawe bila masharti. Bangili naitoa kwenye hoja yangu. Kichwa cha mada nilikiandika kwa upana mno. Shajara haina alama wala rangi nyekundu, na anayesema ameamkaje ni mtoto mwenyewe. Fundi, umenifanya niikague programu yetu jana. Ilikuwa inaomba ruhusa ya mahali alipo. Shajara ya usingizi inahitaji mahali kwa kazi gani? Nimeifuta, tumehamia kwenye jedwali la kawaida ndani ya kompyuta ya nyumbani.

Mwalimu, kwako nimekaa muda mrefu zaidi, kwa sababu ulichosema kinauma na ni kweli. Wataalamu wa usingizi wa Marekani wanapendekeza saa 8 hadi 10 kwa vijana wa miaka 13 hadi 18. Jana usiku tulikaa na binti tukapiga hesabu ya shajara yake ya wiki sita. Saa ya kuamka imetulia, mikasa ya Jumatatu imekwisha, usingizi unamjia mapema kuliko zamani. Hata hivyo siku za shule anapata saa 7 na nusu. Wiki ya likizo, kwa mpangilio uleule wenye saa moja ya nyongeza, alipata saa 8 na nusu.

Mpangilio umefika mwisho wa uwezo wake, saa moja inayobaki iko mikononi mwa shule. Lakini nisingeijua saa hiyo bila shajara. Nilipomweleza binti hivyo, aliuliza kama wenzake darasani wanaweza kuandika saa zao za usingizi kwenye jedwali moja bila majina, wakalipeleka kwenye kikao cha wazazi. Mwalimu, ungekuwa wewe ndiye mwalimu wao, ungelipokea jedwali hilo na kulisimamia?

Mwalimu wa Hesabu

Ningelipokea. Waandike wiki nne za shule na wiki mbili za likizo, siku zilizokosekana ziachwe wazi, wasibuni. Na walimu nao waandike za kwao.