Mrejesho: Panchakarma ya Kerala kwa mwenye magoti mabovu

Mwezi Juni niliuliza iwapo ni busara kwa mwenye maumivu sugu ya magoti kwenda Kerala, India, kufanyiwa panchakarma, yaani zile tiba tano za kuusafisha mwili katika Ayurveda, tiba ya jadi ya India: kutapisha, kuharisha, kupitisha dawa kwa njia ya haja kubwa, kutia dawa puani na kutoa damu. Nimerejea, na ahadi ni deni.

Nilihofia kuharishwa, kumbe mtihani wenyewe ulikuwa samli. Kwa siku tano mfululizo, alfajiri kabla ya kutia chochote kinywani, nilinyweshwa samli ya moto iliyopikwa na mitishamba, chungu kupindukia, huku kipimo kikiongezwa kila siku, kwa kuwa waganga wa Ayurveda huamini kwamba mafuta hulegeza uchafu uliong'ang'ania mwilini kabla haujatolewa. Yakafuata kuchuliwa mafuta na kufukizwa kwa mvuke, kisha dawa ya kuharisha siku moja tu, halafu uji mwepesi wa mchele. Kutapishwa na kutolewa damu sikufanyiwa, kwani si kila mgonjwa hupewa zote tano.

Magoti yamepata nafuu, ingawa huenda sifa ni za mapumziko na kilo nne zilizopungua. Lililonikera ni vidonge vya kuendelea navyo nyumbani, ambavyo havikuandikwa viambato vyake. Kwa kuwa baadhi ya dawa za Ayurveda hutiwa zebaki au risasi, metali zenye sumu, kwa makusudi, nimeviweka kando mpaka daktari wangu wa presha avione.