Straipa wakati wa baridi, nikivua ukingoni: nakosea wapi?

Hamza_Norwich:
Habari za baridi wakuu. Niko Marekani, jimbo la Connecticut, mji wa Norwich, na huu ni msimu wangu wa kwanza wa baridi nikiwa na rodi mkononi. Kiangazi besi wa milia (straipa, kama tunavyomwita hapa) hakunipa taabu: natupa, navuta, anakula. Wengi waliniambia ikifika Desemba nifungie vitu stoo, samaki wameshateremka kusini. Halafu jamaa mmoja kazini akanionyesha picha ya straipa aliyempata Januari, theluji imemfika magotini, Mto Thames, hapa hapa mjini. Nikasema kumbe!

Basi nimekwenda mara sita, nne Desemba na mbili mwezi huu, na mara zote nimerudi mikono mitupu. Nasimama ukingoni kwenye bustani ya Howard T. Brown, karibu na pale Yantic na Shetucket zinapokutana kuzaa Thames. Natupa chambo bandia, yule samaki wa mbao aliyenilisha Agosti. Pete za rodi, zile anamopita uzi, zinajaa barafu, uzi unakakamaa kama waya, vidole sivisikii. Juzi uzi ulikwama kwenye pete ya juu, nikavuta kwa hasira, ncha ya rodi ikakatika. Wenye kayaki (vile vimtumbwi vya kasia) kule katikati nawaona wanatoa mmoja baada ya mwingine. Mimi hata kuguswa sijaguswa.

Nimekulia kwenye mshipi, si mgeni wa maji ya chumvi, lakini haya ya baridi yamenishinda. Nakosea wapi? Au bila kayaki nijihesabu sina changu? Natanguliza shukrani.

Mzee_Chubwi:
Hamza mdogo wangu, pole kwa rodi. Mimi zimenivunjikia mbili kwa namna hiyo hiyo, na ya pili nilikuwa tayari najua, kwa hiyo usijilaumu sana.

Huu ni msimu wangu wa tisa wa baridi kwenye mto huo. Waliokuambia samaki wamekwenda kusini hawakukudanganya, ila walikupa nusu ya habari. Wengi kweli huteremka na pwani. Wengine, hasa wadogo wadogo, huingia mitoni na kukaa humo mpaka majira ya kuchipua. Thames ni mmoja wa mito hiyo, Housatonic ni mwingine. Ukimpata wa inchi 20 shukuru, wakubwa wapo lakini ni bahati.

Sasa kosa lako. Unavua darini, samaki wanaishi sebuleni. Hapo Norwich maji yanajaa na kupwa ingawa bahari iko mbali, kule New London. Maji ya chumvi ni mazito, yanaingia kwa chini. Maji ya mto na ya theluji iliyoyeyuka ni mepesi, yanaelea juu, na wakati wa baridi hayo ya juu ndiyo baridi kuliko yote. Samaki damu yake inafuata joto la maji, hana jiko tumboni kama wewe na mimi. Atatafuta shimo lenye kina, atalala chini pamoja na wenzake mamia, na hatapanda mita tano kumfukuza samaki wako wa mbao anayepita mbio huko juu. Nguvu za kupoteza hana.

Kwa hiyo samaki wa mbao mpumzishe. Chukua samaki wa mpira wa inchi 4, mwembamba, mkia ulionyooka, usiwe ule wa kupiga makofi. Mvishe kwenye kichwa cha madini ya risasi chenye ndoana moja, robo aunsi maji yakiwa yametulia, zaidi kidogo siku za bamvua maji yanapokimbia. Tupa, kisha usifanye kitu. Acha izame huku unahesabu. Uzi ukilegea ghafla umefika chini. Mimi pale ninaposimama hufika 14. Ukishaijua namba yako, mara nyingine anza kuvuta ukifika 12, ili upite juu kidogo ya sakafu bila kunasa.

Halafu uvutaji. Hapa ndipo wengi wanashindwa, nami nilishindwa misimu miwili. Taratibu. Ukishaona unavuta taratibu, punguza tena nusu. Zungusha mkono wa rili mara moja, tulia, pumua, zungusha tena. Usiitingishe rodi, mkondo wenyewe na mtetemo wa mikono yako vinatosha. Ukianza kujiona mjinga umesimama kwenye theluji unavuta kitu ambacho ni kama hakisogei, hapo umepatia.

Jambo jingine ambalo hutaliona popote isipokuwa kwenye mito ya namna hii: utasikia uzi unagonga, tiki, tiki, kama mtu anaugusa kwa ukucha. Hao hawali. Ni uzi unakwaruza migongo yao, wamebanana kiasi hicho. Ukikurupuka kuvuta kila tiki utawachoma mbavuni, na samaki aliyechomwa mbavu si ushindi wa mtu. Mlaji wa kweli hagongi. Uzi unakuwa mzito tu, kama umenasa taulo lililolowa. Hapo inua rodi polepole. Ndio maana nasema ndoana moja, na ile miba yake iminye kwa koleo, utanishukuru wakati wa kumtoa.

Muda: lala. Hakuna haja ya alfajiri Januari. Mimi natoka nyumbani saa saba mchana, jua likiwa limeshapiga maji, navua hadi giza linapoingia kama saa kumi na moja. Nikipata siku ambayo maji yanaanza kutoka kwenye saa nane hivi, hata msiba wa jirani nitachelewa (Mungu anisamehe). Maji yakisimama, nao wanasimama.

Kuhusu kayaki, sitakudanganya: wao wanafika juu ya shimo lenyewe, wewe unalifikia pembeni. Siku nyingi watakushinda. Lakini samaki wanahama kidogo kidogo ndani ya mto, na wiki wakisogea upande wa ukingo, mtu wa ukingoni hana sababu ya kumhusudu mtu. Angalia wenye kayaki wamejikusanya wapi. Hao ndio ramani yako ya bure.

Hamza_Norwich:
Mzee wangu, shikamoo na ahsante sana. Kumbe zile tiki nilizisikia mara ya nne nikadhani ni vipande vya barafu! Hilo la barafu kwenye pete unalifanyaje sasa?

Mzee_Chubwi:
Marahaba. Kabla ya kutoka pakaza mafuta ya mgando kwenye kila pete na kwenye rili pale uzi unapolala. Yanachelewesha tu, hayazuii. Zikijaa, zamisha ncha ya rodi majini uhesabu hadi kumi, mto una joto kuliko hewa, barafu itaachia yenyewe. Usibandue kwa kucha, usilazimishe uzi. Uzi wa kusukwa unanyonya maji na kuganda haraka. Uzi wa nailoni wa zamani hauna tabia hiyo sana, ila unavutika, na huko chini hutasikia kitu. Mimi nimechagua wa kusukwa na usumbufu wake, mwishoni naunga kipande cha nailoni chenye urefu wa mkono. Kukiwa na baridi ya kugandisha mate, nabaki nyumbani. Naam, nimezeeka.

Dada_Wa_Zamu:
Nawasoma nikicheka, lakini acheni niingize neno, mimi ni nesi. Hamza hujasema umevaa nini, na mzee Chubwi hujamuuliza.

Kaka, suruali ya jinzi na soksi za pamba acha. Pamba ikilowa, hata kwa jasho, inakunyonya joto. Vaa sufu au nguo za michezo zisizonyonya maji, halafu juu kitu cha kuzuia upepo. Glavu beba jozi mbili, ya pili iwe kavu mfukoni. Na chini ya buti funga vile vyuma vya kukanyagia barafu, maana ukingo wa mto wenye rasharasha iliyoganda ni kioo. Mtu hafi kwa sababu ya kusimama kwenye baridi akivua. Anakufa kwa sababu ameteleza.

Ukianguka kwenye maji ya baridi kiasi hicho, kuna hesabu tunayofundishwa: moja, kumi, moja. Dakika 1 ya kwanza utahema kama umefukuzwa, kazi yako ni kuzuia maji yasiingie mdomoni na kutuliza pumzi. Usianze kuogelea. Baada ya hapo una kama dakika 10 ambazo mikono na miguu bado inakusikiliza, ndizo za kujitoa. Kuzimia kwa baridi yenyewe kunaweza kuchukua kama saa 1, kwa hiyo usikate tamaa mapema. Ila hiyo saa moja ni ya mtu anayeelea. Asiye na jaketi la kuelea huzama ndani ya zile dakika kumi, mikono ikishagoma. Yapo membamba, unavaa juu ya koti, hata huyasikii. Na usiende peke yako.

Mzee Chubwi, wewe unavaa?

Mzee_Chubwi:
Dada yangu… la rangi ya chungwa, tangu mwaka juzi. Binti yangu alininunulia baada ya kunikuta naanika suruali, sikumweleza kwa nini imelowa. Aliyeniona nikipanda kwa magoti pale ukingoni ni mbwa wa mtu mmoja tu.

Kijana_wa_Raritan:
Mimi nipo New Jersey, naomba nionye wanaosoma wakiwa majimbo mengine, maana huyu samaki sheria zake zinabadilika ukivuka mpaka. Kwetu mito, ghuba na milango ya mito imefungwa kwa straipa tangu 1 Januari hadi mwisho wa Februari. Ufukwe wa bahari wazi haufungwi. New York, kwenye maji ya chumvi, msimu unaisha 15 Desemba na kufunguliwa 15 Aprili. Connecticut mna raha, mwaka mzima.

Lakini hata nyinyi: samaki mmoja kwa siku, naye awe na inchi 28 hadi chini ya 31, basi. Hicho kipimo cha juu kilishushwa 2023, wenye kumbukumbu za inchi 35 wasije wakajitia matatani. Ukitumia chambo halisi, lazima ndoana ya duara, ile ambayo ncha yake imepinda kuelekea ndani. Na Hamza, leseni ya Connecticut hufa 31 Desemba hata kama uliinunua Novemba. Umekata mpya?

Watu hulalamika masharti mengi. Mimi silalamiki. Miaka ya 80 samaki hawa walikaribia kuisha hadi Maryland ikapiga marufuku kuwavua kabisa kuanzia 1985 hadi 1990, na sasa tena wamevuliwa kupita kiasi. Wasimamizi wa uvuvi wanakadiria kwamba katika kila 100 wanaorudishwa majini, 9 hufa. Kwa hiyo namna ya kumrudisha nayo ni uvuvi. Baridi hii usimlaze kwenye theluji upige picha: matamvua yake anayopumulia yana unyevu, hewa iliyo chini ya kuganda inayaumiza mara moja. Vua glavu, lowesha mkono, mshike mdomo wa chini kwa kidole gumba, mng'oe ndoana akiwa bado majini. Meno yake ni kama msasa tu, hayakati.

Hamza_Norwich:
Wakuu, mrejesho. Jumamosi nilikwenda na shemeji yangu, nimevaa jaketi la kuelea juu ya koti (dada, nilitii, na vyuma vya buti pia). Tulifika saa nane, maji ndiyo yanaanza kutoka. Wenye kayaki walikuwa wanne, wamejikusanya karibu na ukingo kuliko siku zote. Nikahesabu: 11 kwangu, siyo 14.

Saa nzima hakuna kitu. Shemeji akaanza kuuliza kama chai imebaki. Halafu tiki, tiki, tiki. Nikajizuia. Nikavuta nusu mzunguko, nikatulia, nikavuta tena nusu. Na kweli mzee, halikuwa pigo. Kitu kilikuwa kizito tu, kama kuna mtu kaushika uzi kule chini akasahau kuuachia. Nikainua rodi, na ule uzito ukatikisa kichwa.

Hakupigana kama wa Agosti, alizunguka zunguka chini bila haraka hadi akapanda. Nilikuwa nimetia alama kwa utepe kwenye rodi, nikampima palepale majini: inchi 23. Mgongo rangi ya zeituni, milia imenyooka kama imepigwa rula, na mwili baridi kuliko chuma. Nilimshika kama sekunde kumi akafumba na kufumbua mdomo, kisha akapiga mkia mara moja, akanirushia maji ya uso. Shemeji hakuwahi picha, alikuwa anamimina chai.

Baada yake nikapata wawili wadogo zaidi, nikapoteza vichwa vitatu vya risasi kwenye mawe. Kidole gumba kinawasha mpaka leo.

Kijana wa Raritan, leseni nilikata usiku uleule niliosoma ujumbe wako. Zile mara mbili za Januari kabla ya hapo, naomba tuseme nilikwenda kutazama mto.