Tupeane uzoefu: faili ulilolitilia shaka ulilikaguaje, na ulijibiwa nini?

Ndugu zangu, naomba tukusanye hapa yale ambayo kila mmoja wetu ameyapitia katika kukagua mafaili ya mashaka kwa tovuti za ukaguzi. Nimeona wengi wetu tunazitumia kama mtu aliyekwenda kupiga ramli: tunapakia faili, tunatazama kama jibu ni jekundu au la kijani, kisha tunaamua. Tafadhali eleza ulipakia nini, ulijibiwa nini, na ulifanya nini baada ya jibu hilo.

Naanza mimi. Nina steshenari Morogoro, na flashi za wateja hupita kwenye kompyuta zangu kwa makumi kila siku. Miaka kadhaa iliyopita mwanafunzi aliniletea flashi yenye ripoti yake ya utafiti, nikakuta kila folda imegeuka shotikati, yaani alama ya njia ya mkato inayoelekeza kwenye kitu kingine. Nilibofya moja, folda ikafunguka, nikachapa, nikapokea malipo. Sikujua kwamba kubofya kule ndiko kulikomwamsha mgeni, kwa kuwa kirusi cha aina ile huzificha folda halisi, na shotikati huendesha kwanza skripti ndogo iliyofichwa, yaani faili la amri za kompyuta, ndipo ikufungulie folda ili usishtuke. Hadi jioni, kila flashi iliyochomekwa dukani iliondoka na ugonjwa uleule, na wateja waliporudi kunilaumu walikuwa na haki.

Niliamuru kompyuta ionyeshe mafaili yaliyofichwa, nikaipata skripti, nikaipakia VirusTotal, tovuti iliyoanzia Málaga, Hispania, mwaka 2004 na kununuliwa na Google mwaka 2012, ambayo hulipitisha faili moja mbele ya antivirusi zaidi ya 70. Zaidi ya nusu zilisema ni kirusi. Antivirusi niliyokuwa nayo dukani ilikuwa miongoni mwa zilizokitambua, ila mimi sikuwa nimeisasisha kwa miezi mingi. Jambo hilo liliniuma kuliko lawama za wateja.

Mhasibu, Mombasa

Mimi nililetewa kiambatisho cha barua pepe kilichoonekana kuwa ankara ya PDF kutoka kwa mtu tunayefanya naye biashara. Kompyuta za Windows, zisipobadilishwa mpangilio, huficha kiendelezi cha faili, yaani herufi za mwisho wa jina zinazoonyesha ni faili la aina gani, kwa hiyo nilichokiona ni sehemu ya kwanza tu ya jina. Mwishoni kulikuwa na .exe, alama ya programu inayojiendesha ukiibofya. Hila hii ni ya kale: kirusi cha ILOVEYOU kilichosambaa duniani Mei 2000 kilijiita barua ya mapenzi ya .TXT huku mwisho wake halisi ukiwa .vbs, yaani skripti.

Nilipolikagua, antivirusi 3 tu ndizo zilizolishuku, nyingine zote zikanyamaza. Mwenzangu wa ofisini alisema kwamba 3 kati ya 70 si kitu, tulifungue tumalize kazi. Nilikataa, nikampigia simu mwenye ankara kwa namba niliyokuwa nayo tangu zamani, akaniambia hakutuma chochote. Kesho yake asubuhi niliomba faili lilelile lichambuliwe upya, na safari hii waliolishuku walikuwa wamepita 30. Kirusi kilikuwa kipya siku ile, na wengi hawakuwa wamekifahamu bado. Tangu hapo sitazami idadi peke yake; natazama pia tarehe ambayo faili lilionekana pale kwa mara ya kwanza.

Karani wa zahanati, Dodoma

Naandika kwa uchungu, na naomba mnisome taratibu. Nililetewa jedwali la Excel lenye majina ya wagonjwa na namba zao za simu. Lilikuwa na makro, yaani amri zinazojiendesha ndani ya jedwali, nikaogopa, nikalipakia kwenye tovuti ya ukaguzi. Jibu lilikuwa safi, nikafurahi. Baadaye kijana mmoja wa kompyuta alinieleza nilichokuwa nimekifanya: faili linalopakiwa VirusTotal hugawiwa kampuni za antivirusi zinazoshirikiana nayo, na wateja wake wa kulipia wanaweza kulipakua zima. Utaratibu huo haukufichwa, umeandikwa katika masharti ya tovuti, lakini mimi sikuwa nimeyasoma. Kwa hofu ya kirusi nilikuwa nimetoa siri za watu ambao hawakunipa ruhusa. Nilimweleza mkuu wangu siku hiyohiyo, tukaandika maombi faili liondolewe, ila aliyekwisha kulichukua hatuwezi kumfuata.

Kijana yule alinifundisha njia ninayoitumia hadi leo. Kila faili lina alama yake, kama alama ya kidole cha mtu, iitwayo SHA-256, ambayo ni mfululizo wa herufi na tarakimu 64. Katika Windows unafungua PowerShell, dirisha la kuandikia amri, unaandika Get-FileHash, unaacha nafasi, kisha unaweka mahali faili lilipo. Kompyuta inakupa alama bila kulifungua faili. Unainakili alama hiyo na kuitafuta kwenye tovuti. Kama kuna mtu aliyewahi kulipakia faili hilohilo, majibu yake yote yatatokea, na faili lako halijatoka ofisini. Kama halijulikani, huo si ushahidi kwamba ni salama, kwa sababu herufi moja ikibadilika ndani yake alama nzima hubadilika. Hapo simpakii mgonjwa wangu, namrudia aliyelituma.

Mtengenezaji wa programu, Dar es Salaam

Dada wa zahanati, pole sana, na ahsante kwa kusema wazi. Mimi nimekaa upande wa pili. Niliandika kwa Python, lugha ya kuandikia programu, programu ndogo ya kuhesabu bidhaa za duka, nikaifunga kwa zana iitwayo PyInstaller iwe faili moja la .exe, na mteja alipoikagua akakuta antivirusi 6 zinaiita kirusi. Alitaka kuniripoti polisi. Programu zilizofungwa kwa njia hiyo hushukiwa mara nyingi, kwa kuwa waandishi wa virusi nao huitumia. Tulisoma pamoja majina yaliyotolewa: karibu yote yalikuwa ya jumla, yenye maneno kama Generic, na hakuna hata mawili yaliyotaja aina moja ya kirusi. Mahali ambapo wengi wanataja jina la familia moja ya virusi, mimi naamini. Mahali ambapo wachache wanakisia kila mmoja lake, nachunguza zaidi.

Mama wa nyumbani, Tanga

Nilitumiwa WhatsApp kadi ya mwaliko wa harusi iliyoishia na .apk, alama ya programu ya simu za Android. Sikuikagua popote. Kadi ni picha, na picha haiombi kusakinishwa wala ruhusa ya kusoma ujumbe wa simu yangu, ambamo zimo taarifa za pesa zangu. Nimeifuta.

Mleta mada

Mama wa Tanga, umefanya vyema. Ndugu mhasibu, naongeza moja kwa yako: jana mteja alileta faili la zip lenye nywila, na nywila yenyewe imeandikwa ndani ya barua pepe iliyolileta. Nililipakia kabla sijasoma mchango wa dada wa zahanati, na jibu lilikuwa 0. Antivirusi hazikuwa na nywila, kwa hiyo hazikuona kilichomo. Nimemwomba mteja ampigie aliyemtumia na kumuuliza kwa nini amelifunga. Faili halijafunguliwa, na flashi yake ipo kwenye droo hadi atakaporudi na jibu.