Naomba ushauri: faili la mipangilio liwe maandishi ya kawaida au lifichwe?

Wakuu habari zenu, natengeneza programu ya kukaa kwenye seva na tumebishana sana na mwenzangu kuhusu faili la mipangilio. Yeye anataka kila kitu kiingie kwenye SQLite (hifadhidata ndogo ya faili moja) mtumiaji abadilishe kwenye skrini tu, anasema mtu akisahau mkato mmoja kwenye JSON (fomati ya maandishi ya kuandikia data) programu nzima inagoma kuwaka, na hapo namuelewa kabisa. Ila mimi napenda maandishi ya kawaida kama yale ya Linux kwenye /etc (folda ya mipangilio), kwasababu seva ikizingua usiku unaingia kwa SSH (njia ya kuingia kwenye seva ukiwa mbali) unafungua faili unaona tatizo unarekebisha, na ukiliweka kwenye Git (inayotunza historia ya mabadiliko) unajua nani kagusa nini na lini. Rejista ya Windows, pale Windows inapoweka mipangilio yake, jamani kuisoma kwa macho ni mateso.

Fomati sasa. JSON haikubali komenti (maelezo ya mtu ambayo programu inayaruka), YAML 1.1, fomati nyingine, ukiandika no bila alama za kunukuu inasomwa false (si kweli) badala ya neno, inatisha kwakweli. Naelekea TOML, nayo ni fomati ya maandishi ya mipangilio.

Swali langu hasa, kama skrini na mtu wote wanaandika faili hilohilo, mnafanyaje skrini isifute komenti za mtu? Mlioshapitia hii naombeni muongozo.