Mayai ya kanga wa porini: tuyaatamishe kwa kuku au tuyaache?

Mtoa mada, Nachingwea:
Ndugu zangu, kila masika huku kwetu watu huokota mayai ya kanga porini na kumwekea kuku anayeatamia, kisha vifaranga wakitoka huitwa mifugo. Msimamo wangu ni kwamba mayai hayo yaachwe, na anayetaka kufuga kanga afuge wale wa kufugwa wenye asili ya mbali. Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya mwaka 2009 inamtaka mtu awe na kibali kabla ya kumkamata mnyamapori, lakini hata kama kibali kingegawiwa bure bado ningepinga, kwa sababu ufugaji wa namna hii hauna faida. Kanga wanaofugwa duniani leo asili yao ni Afrika Magharibi, ambako Wareno waliwachukua na kuwapeleka Ulaya, na tangu hapo wamechaguliwa kizazi baada ya kizazi kwa upole na uzito. Kanga wetu hajapitia hayo: hata akilelewa na kuku, jioni hupanda mtini, na akikomaa huenda akafuata kundi la porini. Isitoshe, wengi huchanganya mayai yake na ya kuku. Ya kuku huanguliwa kwa siku 21, ilhali ya kanga huhitaji siku 26 hadi 28, hivyo mama huondoka na vifaranga wake na kuyaacha ya kanga yapoe.

Mchangiaji, Liwale:
Ndugu mtoa mada, nadhani hulimi karanga. Kanga hufukua mbegu tukishapanda, na mkulima akiokota mayai anajifidia. Isitoshe, mayai hayo yangeungua tu kwa moto wa nyika.

Mtoa mada:
Hoja ya moto haisimami, kwa kuwa nyika zetu huungua kiangazi, ilhali kanga hutaga wakati wa mvua, nyasi zikiwa mbichi. Kuhusu mbegu unasema kweli, na hasara hiyo si ndogo kwa mtu mwenye shamba dogo. Hata hivyo, kanga huwa ameshafukua ndipo aanze kutaga. Kwa hiyo kuokota mayai hakuokoi mbegu za mwaka huu, na kunapunguza ndege ambao, miche ikishasimama, hula panzi, mchwa na mbegu za magugu katika shamba lilelile. Kinachookoa mbegu ni kulinda shamba asubuhi na jioni katika wiki za kupanda, kazi ambayo tumezoea kuwaachia watoto.

Mchangiaji, Masasi:
Nakubaliana na mtoa mada kuhusu mayai, ila pendekezo lake la kufuga kanga wenye asili ya mbali lina shimo. Wao na wa porini ni spishi moja na huzaliana, na wafugaji wetu wengi huwaachia ndege wao wazurure mchana kutwa. Je, anayepakana na msitu alazimishwe kujenga banda lenye wavu, na gharama hiyo ibebwe na nani?