Duka la vifaa Mwanga: mauzo ya mashine ya risiti (EFD) hayaoani na benki, ritani ya kodi ya 30 Juni naijaza vipi?

Karani wa Mwanga
Wakuu, habari za jioni. Nina faili la duka la saruji, bati na misumari hapa Kigoma mjini, Mwanga. Mteja ni mtu binafsi, siyo kampuni, na mwaka wake unaishia 31 Desemba. Ripoti za Z (jumla ya mauzo ya kila siku inayotolewa na mashine) za mwaka mzima zinaleta 148,300,000. Nikijumlisha yaliyoingia benki na Lipa Namba napata 171,450,000. Mwenye duka anasema "jaza ya mashine, ndiyo wanayoiona".

Halafu kuna matumizi yasiyo na risiti ya EFD: vibarua wa kushusha saruji, mchanga, bodaboda. Na makadirio ya kodi ya Machi mwaka jana tuliweka kodi 1,600,000, ameshalipa awamu zote nne za 400,000, ila faida naiona inaelekea 15,000,000. Nianzie wapi?

Leja Kavu
Mkuu, anza na hiyo tofauti ya 23,150,000. Usiguse kitu kingine kabla haijapata maelezo. Kauli ya "ndiyo wanayoiona" ndiyo inayowaponza wengi, maana taarifa ya benki afisa wa TRA, mamlaka ya mapato, akiihitaji ataipata.

Chukua taarifa ya benki na ya Lipa Namba, pitia mstari kwa mstari, kila kilichoingia kipe alama: mauzo, mkopo, fedha ya mwenyewe, uhamisho. Uhamisho ndio mtego mkubwa. Mteja akitoa 800,000 Lipa Namba akaiingiza benki, wewe umeihesabu mara mbili. Tuseme umekuta mkopo wa 15,000,000 na uhamisho wa 5,600,000. Zinabaki 2,550,000 zisizo na maelezo. Hayo ni mauzo yaliyotoka bila risiti, yaongeze, mauzo yawe 150,850,000. Na usidhani umemaliza: fedha taslimu iliyotumika dukani bila kufika benki haionekani upande huo kabisa, kwa hiyo pengo halisi laweza kuwa kubwa zaidi.

Kipimo cha pili ni stoo. Bidhaa za mwanzo 18,000,000, manunuzi 121,000,000, za mwisho 22,000,000: gharama ya mauzo ni 117,000,000 na faida ghafi ni kama asilimia 22. Mwenye duka akikukadiria stoo ya mwisho kwa macho akasema 12,000,000, faida ghafi inashuka hadi kama asilimia 16, na kosa hilo linahamia mwaka unaofuata kwa sababu stoo ya kufunga ndiyo ya kufungulia. Bati zihesabiwe moja moja. Mifuko iliyoganda iandikwe pembeni, isichanganywe na mizima.

Bodaboda wa Mahesabu
Swali la mgeni: si alipe tu kodi kwa lile jedwali la wafanyabiashara wadogo, linaloangalia mauzo tu, mambo yaishe?

Leja Kavu
Hapana. Jedwali lile mwisho wake ni mauzo ya 100,000,000 kwa mwaka. Huyu amepita, anatakiwa hesabu zilizokaguliwa. Mkuu Karani, mtafute CPA (mhasibu aliyesajiliwa) mapema. Wiki ya mwisho ya Juni wakaguzi huwa hawashiki hata simu.

Na angalia kujisajili VAT (kodi ya ongezeko la thamani). Kizingiti ni 200,000,000 kwa miezi 12, lakini kuna kipimo cha nusu yake ndani ya miezi 6. Kiangazi watu wanajenga, saruji inatoka kwa lori. Jumlisha Juni hadi Novemba: ikifika 100,000,000, mjadala ni mwingine.

Mama Ritani
Mimi niingie kwenye matumizi. Sheria inataka risiti ya EFD ili gharama ikubalike, kwa hiyo daftari la "vibarua 15,000" peke yake halikusaidii mbele ya mkaguzi. Kwa vibarua tengeneza vocha ya malipo ya siku: tarehe, jina kamili, simu, namba ya NIDA, mifuko mingapi, bei kwa mfuko, sahihi au dole gumba. Bandika nyuma nakala ya hati ya kupokelea mzigo wa siku hiyohiyo. Mifuko 600 ya kwenye hati ikilingana na 600 ya kwenye vocha, una hoja. Isipolingana, ni karatasi tu.

Mchanga: mwenye lori akiwa na mashine, karani adai risiti yenye TIN (namba ya mlipakodi) ya duka. Risiti isiyo na TIN ya mnunuzi ni ugomvi wa bure. Zile usizoweza kuzithibitisha, zirudishe kwenye faida mwenyewe kwenye hesabu ya kodi. Inauma, lakini inauma kidogo kuliko kurudishiwa na mkaguzi pamoja na riba.

Pango je? Umekata kodi ya zuio asilimia 10, ile ambayo mpangaji anaitoa kwenye pango na kuipeleka TRA?

Karani wa Mwanga
Dada, hapo ndipo penye kidonda. Pango ni 250,000 kwa mwezi, mwenye nyumba anasema anataka yake yote mkononi.

Mama Ritani
Basi mpangaji ndiye anayeubeba mzigo. Ukichukulia 3,000,000 za mwaka ni baada ya makato, pango kamili ni 3,333,333 na zuio ni 333,333. Inalipwa ndani ya siku 7 baada ya mwezi wa malipo kuisha. Mkataba unaofuata uandikwe wazi kwamba kodi ya zuio inakatwa humo ndani, na ushuru wa stempu usisahaulike.

Mzee wa Awamu
Makadirio. Faida ikibaki 15,000,000, kodi ya mtu binafsi ni 1,536,000 kwa 12,000,000 za kwanza, kisha asilimia 30 ya 3,000,000 ambayo ni 900,000. Jumla 2,436,000. Ondoa 1,600,000, anadaiwa 836,000.

Tatizo ni kipimo cha asilimia 80. Asilimia 80 ya 2,436,000 ni 1,948,800, na ninyi mlikadiria chini ya hapo, kwa hiyo riba ya kukadiria pungufu inakuja. Makadirio yanaweza kurekebishwa ndani ya mwaka. Septemba ukiona mauzo yamepanda, peleka mapya kabla ya awamu ya 31 Desemba.

Hana 836,000 leo? Wasilisha ritani hivyohivyo, kisha aombe kulipa kwa awamu. Adhabu ya kuchelewesha ritani inahesabiwa kila mwezi, na ni tofauti na riba ya deni.

Wafanyakazi wake nao: mwenye mshahara wa 300,000, ukitoa NSSF 30,000 inabaki 270,000, PAYE (kodi ya mshahara) sifuri. Wa 350,000 inabaki 315,000, zinazotozwa ni 45,000 kwa asilimia 8, yaani 3,600. Sifuri nayo inawasilishwa, kufikia tarehe 7 ya mwezi unaofuata.

Karani wa Mwanga
Nimeelewa wakuu. La mwisho: Z za Agosti zimefutika, karatasi nyeupe kabisa.

Leja Kavu
Joto hilo, na kuzihifadhi kwenye mfuko wa plastiki chini ya bati. Kumbukumbu ya mashine bado inazo: chapisha ripoti ya tarehe 1 hadi 31 Agosti, toa fotokopi siku hiyohiyo. Halafu kagua namba za mfuatano. Ukitoka Z 0212 ukakuta 0214, itafute 0213 kabla hujajumlisha upya.