Wauza tinti ya "seramiki", giza mnalotubandikia halizuii joto!

Wakuu, habari za mchana. Nina hasira leo, kwa hiyo wale wa kuja kuandika "uzi mrefu sijasoma" pitieni kushoto.

Baadhi ya hawa jamaa wanaobandika tinti kwenye vioo vya magari hapa Dar wanatuibia mchana kweupe. Duka silitaji, ila nawaeleza mchezo ulivyo ili ukiuona uujue. Unafika, unawekewa kiti, kijana analeta kiboksi: huku balbu ya joto, katikati kipande cha kioo, upande wa pili kipimo chenye namba nyekundu. Kioo kikiwa kitupu namba inapaa. Anachomeka sampuli ya filamu wanayoiita "seramiki", namba inashuka karibu na sifuri. "Bosi weka mkono." Unaweka, kweli hakuna joto. Basi, laki tatu zinakutoka. Waranti ya miaka mitano unaandikiwa kwa kalamu nyuma ya kadi ya duka, na ukidai risiti ya EFD unaambiwa mashine haina mtandao.

Sasa sikieni. Kile kipimo kinasoma infraredi tu, yaani miale ya joto isiyoonekana kwa macho, tena sehemu yake ndogo. Jua halina infraredi peke yake. Nishati yake inayotufikia, takriban nusu ndiyo infraredi. Nyingi ya iliyobaki ni mwanga huu tunaouona, na UV (miale ya urujuanimno) ni asilimia chache tu. Kwa hiyo "inazuia infraredi asilimia 95" si sawa na kuzuia joto asilimia 95, hata kidogo. Namba ya kuulizia ni ya nishati yote ya jua inayozuiwa. Kwenye karatasi za watengenezaji huandikwa TSER. Mtajie muuzaji hizo herufi nne uone anavyokutolea macho.

Na hapo ni kama wangenibandikia ile ya kwenye kiboksi. Waliyonibandikia ni ile ya bei chee, plastiki iliyotiwa rangi. Imeshageuka zambarau, na zambarau hiyo inatokana na rangi kuliwa na jua. Kisha yakaja malengelenge, kioo cha nyuma kizima utadhani kina tetekuwanga. Joto nalo liko palepale, maana filamu nyeusi ya namna hii inalinyonya tu. Saa saba mchana gusa kioo kwa ndani, utaondoa mkono mwenyewe.

Nikarudi dukani na kadi yangu. Mnajua nilijibiwa nini? "Bosi, gari lako linakaa sana juani."

Linakaa juani! Sasa laki tatu nililipia kivuli cha mwembe? Dar iko kama digrii 7 kusini mwa Ikweta, jua linatupita utosini mara mbili kwa mwaka, Oktoba na tena mwanzoni mwa Machi, na maegesho ya ofisini kwetu hayana hata mti mmoja. Unauza kinga ya jua katika mji huu halafu waranti inakufa gari likipigwa na jua. Angeniambia mapema ningelinunulia turubai.

Kitu kingine wanachowadanganya watu ni kwamba tinti ya pembeni "inalinda dashibodi". Dashibodi inachomwa kupitia kioo cha mbele, kioo kikubwa kilicholala, na hicho wao hawakukigusa. Watafiti wa Arizona, Marekani, walichapisha vipimo mwaka 2018: siku ya joto la takriban nyuzi 38, gari likiwa juani saa moja tu, dashibodi ilifika karibu nyuzi 69 na usukani 53. Magari yaliyokuwa kivulini, dashibodi iliishia kama 48. Kile kikinga jua cha kukunja, kinachong'aa, wanachouza wamachinga kwenye foleni, kinaisaidia dashibodi kuliko upuuzi wote niliobandikiwa. Nimenunua. Usukani sasa unashikika.

Hasira yenyewe hasa haijaisha hapo. Baada ya kelele wakakubali "kunisaidia" kubandua ya nyuma. Fundi akaingia na wembe, kwaru kwaru, juu ya zile nyaya nyembamba za kupasha kioo cha nyuma. Namwambia taratibu, ananijibu amefanya magari mengi. Amezikata. Nikiwasha swichi, taa yake inawaka, mistari miwili ya juu inafuta ukungu, chini yake hakuna kitu. Mvua ikinyesha naendeshea vioo vya pembeni. Kuhusu kunilipa, bosi wao "yuko safarini" tangu siku ile.

Nimeambiwa ile filamu hulainishwa kwa mvuke kwanza, ikabanduka na gundi yake bila wembe. Bado vioo viwili vya milango ya nyuma na kile cha bodi. Mwenye fundi anayetumia mvuke aniwekee hapa, niko Tabata. Na kama kuna aliyewahi kuunganisha nyaya za kioo cha nyuma zikashika, aseme alitumia nini, maana kioo kizima bei yake nimeshaulizia na sitaki kuirudia.